Mtakatifu Jeanne Jugan: Aliyempa Mzee Kitanda Chake

Katika jumuiya zetu ndogo ndogo, hapa Masanze kama kwingineko wilayani Kilosa, wapo wazee wasioweza tena kufika kanisani. Nyuma ya kila mmoja yupo binti, mkwe au mjukuu anayemwogesha na kumlisha, na mara nyingi mtunzaji huyo amechoka kuliko tunavyodhani. Kwa ajili yao tunayatazama maisha ya Mtakatifu Jeanne Jugan.

Alizaliwa tarehe 25 Oktoba 1792 huko Cancale, kijiji cha wavuvi nchini Ufaransa. Baba yake alipotelea baharini Jeanne akiwa bado mdogo, na mama akawalea watoto kwa shida. Binti huyo alichunga mifugo, kisha akawa mtumishi wa jikoni. Alikataa kuolewa, akahamia Saint-Servan na kuwahudumia wagonjwa hospitalini.

Majira ya baridi ya mwaka 1839, akiwa na umri wa miaka 47, alimpokea Anne Chauvin, mjane kipofu aliyepooza, asiye na wa kumtunza. Akambeba hadi chumbani, akamlaza kitandani pake, na yeye mwenyewe akahamia darini. Françoise Aubert na Virginie Trédaniel, aliokuwa akiishi nao, wakashirikiana naye. Wazee wakaongezeka. Jeanne akachukua kikapu, akabisha hodi mlango kwa mlango kuwaombea chakula, nguo na kuni. Hivyo hata asiyeweza kumuuguza mzee alipata nafasi ya kushiriki. Ndivyo lilivyozaliwa Shirika la Masista Wadogo wa Maskini. Mwaka 1845 Akademia ya Ufaransa ilimtunukia tuzo ya Montyon.

Lakini msalaba ulikuwa karibu. Mwaka 1843 masista walikuwa wamemchagua tena kuwa mkuu wao. Padre Auguste Le Pailleur akaufuta uchaguzi huo na kumweka mwingine. Mwaka 1852 Jeanne aliondolewa katika kazi ya kuomba misaada, akaishi kwa kujificha miaka 27. Wanovisi walioishi naye hawakujua kwamba ndiye mwanzilishi. Padre huyo alijitwalia sifa hiyo. Jeanne hakudai haki yake, wala hakuacha kusali na kuwafundisha vijana upole kwa maneno na mfano. Alifariki tarehe 29 Agosti 1879, shirika likiwa na masista zaidi ya 2,000. Ukweli ulidhihirika baadaye. Papa Benedikto wa 16 alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 11 Oktoba 2009. Leo hii masista wake wanawatunza wazee hata jirani zetu, huko Kasarani, Nairobi.

Mtunzaji wa mzee naye huishi kwa kujificha: hapigiwi makofi, na siku zake hufanana. Jeanne anatufundisha kwamba Mungu huiona kazi hiyo, lakini pia kwamba haipaswi kubebwa na mtu mmoja. Kila jumuiya na ijiulize: ni nani kati yetu hajapumzika kwa sababu ya mgonjwa? Tupange zamu. Mmoja ateke maji, mwingine alete kuni, mwingine akae na mzee ili mtunzaji apate kwenda Misa, shambani, au kulala tu.

Mtakatifu Jeanne Jugan, utuombee.