Charles New na Mashapo ya Chala

Vitabu vyetu vya historia humtaja Rebmann, aliyeiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, kisha vikanyamaza. Mzungu aliyeifikia theluji yenyewe, Charles New, hatajwi sana. Naona hiyo ni kasoro, na mwalimu wa kemia ana sababu ya kulalamika kuliko hata yule wa historia.

New, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1840, alifika Mombasa mwaka 1863, akahudumu katika misheni ya Wamethodisti huko Ribe pamoja na Thomas Wakefield. Mwaka 1871 alipita Taita na Taveta kwa miguu hadi Moshi. Jaribio lake la kwanza la kupanda mlima lilishindikana. La pili, mwezi Agosti, likamfikisha kwenye theluji. Mwaka huohuo alilifikia ziwa Chala, akalieleza katika kitabu chake cha mwaka 1873. (Wataveta, bila shaka, hawakumngoja yeye ndipo walijue ziwa lao.)

Maji mengi ya Chala huja chini kwa chini kutoka Kilimanjaro. Utafiti umeonyesha kwamba asili yake ni mvua ya ukanda wa msitu alioupenya New, wala si theluji aliyoifuata. Yapitapo miambani, maji hayo hubeba kalsiamu na baikaboneti. Chumvi ya mezani humumunyuka kwa wingi. Kalsiamu kaboneti humumunyuka kidogo mno. Hivyo basi, mwani wa ziwani unapofyonza kaboni dioksidi, kaboneti hujitenga na maji, ikaganda kuwa chembe na kuzama. Kati ya Novemba na Machi hutuama tabaka jeusi lenye kaboneti hiyo na mabaki ya viumbe. Katika miezi ya upepo, Juni hadi Oktoba, hufuata tabaka jeupe la mwani wenye maganda ya silika. Mwaka 2016 watafiti walitoboa sakafu ya ziwa, wakatoa mashapo ya urefu upatao mita 215, kumbukumbu ya takriban miaka 250,000.

Nasisitiza neno mashapo. Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba somo hili, ilhali kila mpishi ameyaona mashapo chini ya mtungi, na kila mtoto amemumunya pipi.

New alirudi Moshi miaka michache baadaye. Mangi Rindi, aliyejulikana pia kama Mandara, alimnyang'anya mali yake. Aligeuka kurejea pwani akiwa mgonjwa, akafia njiani mwezi Februari mwaka 1875.