Chozi Lililogeuka Wosia

Nyanda za juu za Kasulu na Kibondo zimewapokea watu wengi waliofiwa. Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi wa Kongo. Mwaka 2015 wakafuata wa Burundi, wengine wakakaa Nduta, wilayani Kibondo. Mwenye msiba afanye nini na huzuni yake? Maisha ya Shaaban Robert yanatufundisha.

Alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, Tanga. Tangu 1926 hadi 1944 alikuwa karani wa forodha, si mtu wa starehe. Mauti yalipomtwalia mkewe, Amina, alimtungia shairi la kumuaga na kumwombea. Kisha akawatazama watoto walioachwa bila mama: bintiye akamtungia Utenzi wa Hati, mwanawe Utenzi wa Adili, mausia ya kuwaongoza maishani.

Shaaban alikuwa Mwislamu, lakini aliteka katika chemchemi ileile ya Mfalme Daudi, aliyemlilia Yonathani kwa wimbo. Mungu hutoa kipaji. Upendo hukiamsha, hata upendo uliojeruhiwa. Kutunga hakukumrudisha Amina wala hakukufuta majonzi; kulimpa mfiwa kazi ya kuwatendea wengine mema. Ndiyo tiba yenyewe. Alifariki mwaka 1962, na tenzi zile zingali zikisomwa.

Basi, wazazi na walimu wa kwaya, msimnyamazishe mfiwa atakaye kuimba, kufinyanga au kusuka. Mpeni nafasi, nanyi mkae kumsikiliza.