Seyyid Said: aliifungua Unguja, akaifunga Mrima

Mwekezaji anaposamehewa kodi ili alete mtaji, nani anafaidika na nani anabaki nje ya uzio? Swali hili katika mwambao wetu lina umri mkubwa kuliko sheria zetu za uwekezaji. Karibu miaka 200 iliyopita lilimhusu mchimba sandarusi wa Rufiji, na aliyeweka masharti ya biashara wakati huo alikuwa Seyyid Said bin Sultan.

Said alizaliwa Oman mwaka 1791. Baba yake, Sultan bin Ahmed, aliuawa baharini mwaka 1804, na nchi ikaingia katika ugomvi wa kifamilia. Mwaka 1806 Said, akiwa bado kijana, alimuua binamu yake Badr bin Saif na kushika utawala wa Muscat. Tangu hapo aliishi kati ya vita na biashara, na biashara ndiyo iliyomletea nguvu zaidi.

Alifika Unguja kwa mara ya kwanza mwaka 1828. Alikuta bandari yenye maji ya kina, karibu na Bara, na ardhi iliyofaa kwa mikarafuu. Mwaka 1837 aliwashinda Wamazrui wa Mombasa, na kufikia mwaka 1840 Unguja ilikuwa ndiyo makao yake makuu.

Mkataba wa asilimia 5

Katika ziara ile ya 1828 alikutana na mfanyabiashara wa Kimarekani, Edmund Roberts, aliyekuwa akilalamikia masharti ya biashara ya pale bandarini. Miaka mitano baadaye Roberts alirudi akiwa mjumbe wa serikali yake, na Septemba 1833 wakatia saini mkataba mjini Muscat.

Masharti yake yangeeleweka vizuri kwa mwekezaji wa leo. Meli ya Kimarekani ingelipa ushuru usiozidi asilimia 5 ya shehena iliyoteremshwa, basi. Hakukuwa na ada ya kutia nanga, ya rubani wa bandari, ya leseni wala ya kusafirisha bidhaa nje. Shehena ambayo haikuuzwa, ikabaki melini na kuondoka nayo, haikutozwa kitu. Hata meli iliyoingia kutengenezwa, kuchukua chakula au kuulizia bei za soko haikulipa chochote.

Vivutio hivyo vilifanya kazi. Balozi mdogo wa Marekani, Richard Waters, alifika Unguja mwaka 1837. Wafanyabiashara wa mji wa Salem walileta kitambaa cha pamba ambacho mpaka leo tunakiita merikani, wakaondoka na pembe za ndovu, karafuu na sandarusi ya kutengenezea vanishi. Mwaka 1840 Said naye alituma meli yake, Sultana, hadi New York chini ya Ahmad bin Na'aman. Uingereza ilipata mkataba wake mwaka 1839 na Ufaransa mwaka 1844.

Upande wa pili wa mlango

Sasa turudi kwetu. Mkataba wa Uingereza wa 1839 ulikuwa na kifungu kinachotugusa: pembe za ndovu na sandarusi katika pwani ya kutoka Mtang'ata, upande wa Tanga, hadi Kilwa zilikuwa haki ya Sultani na watu wake. Delta ya Rufiji imo ndani ya mipaka hiyo. Wamarekani nao, kwa vitendo, walibaki kununua Unguja.

Kwa hiyo mtu wa huku aliyechimba sandarusi hakuweza kungoja meli ya Salem na kupatana nayo bei. Mali ilipitia kwa madalali hadi Unguja, na huko ilikatwa ushuru uliotegemea ilikotoka, mara nyingi zaidi ya asilimia 5. Mgeni alikuwa na kiwango kimoja kilichoandikwa. Mwenyeji hakuwa nacho.

Kazi ya kutoza ushuru Said aliikodisha. Mkodishaji alimlipa Sultani kiasi walichokubaliana kwa mwaka na kubaki na ziada. Kwa miaka mingi alikuwa Jairam Shivji, mfanyabiashara mwenye asili ya Kutch, India. Huyo huyo aliyekusanya ushuru alishirikiana pia kibiashara na Waters. Biashara iliyokuwa huru kwenye karatasi ilipita mikononi mwa watu wachache.

Na wapo ambao hawakuwa na mkataba wowote. Mashamba ya mikarafuu yalilimwa na watumwa, wengi wao waliopitishwa Kilwa. Mkataba wa 1845 na Waingereza ulizuia kuwapeleka nje ya milki zake za Afrika, lakini ndani ya milki hizo biashara iliendelea.

Said alifariki melini Oktoba 1856, karibu na Shelisheli, akirejea kutoka Muscat. Alizikwa Unguja. Milki yake iligawanyika: Majid akashika Zanzibar, Thuwaini akashika Muscat.

Tunalojifunza

Sheria ya EPZ ya mwaka 2002 iliwapa wawekezaji waliosajiliwa msamaha wa kodi ya mapato ya kampuni kwa miaka 10, kwa sharti la kuuza nje angalau asilimia 80 ya bidhaa zao. Mwaka 2006 ikaja sheria ya maeneo maalumu ya kiuchumi, na mwaka 2025 sheria mpya ikaweka uwekezaji na maeneo hayo chini ya mamlaka moja.

Historia ya Said haisemi kwamba vivutio ni vibaya. Unguja ilikua kwa sababu ya masharti mepesi na yanayotabirika. Inachotuonyesha ni kwamba msamaha wa mlangoni haufiki wenyewe hadi shambani. Mkulima wa korosho au ufuta hapa Ndundu, anaposikia kiwanda kinasamehewa kodi, ana haki ya kuuliza mambo matatu: kitanunua malighafi wapi, kwa bei inayopangwa na nani, na nani atakaa katikati.