Beryl Markham

Beryl Markham (Ashwell, Uingereza, 26 Oktoba 1902 – Nairobi, Kenya, 3 Agosti 1986) alikuwa rubani, mfunzaji wa farasi wa mbio na mwandishi aliyekulia Kenya. Mwaka 1936 alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka Bahari ya Atlantiki kwa ndege peke yake, kutoka mashariki kwenda magharibi.

Maisha ya awali

Alizaliwa kwa jina la Beryl Clutterbuck, akafika Kenya akiwa na umri wa miaka 4 hivi. Mama yake alirudi Uingereza, naye akabaki na baba yake kwenye shamba la Njoro. Alikua na watoto wa Kiafrika, akajua Kiswahili na kuwinda kwa mkuki. Angali kijana alipata leseni ya kufunza farasi wa mbio.

Urubani

Alifundishwa kurusha ndege na Tom Campbell Black. Mwaka 1933 alipata leseni ya urubani wa biashara, wa kwanza kati ya wanawake wa Kenya. Alibeba abiria na barua, na kuwatafutia wawindaji tembo kutoka angani.

Safari ya mwaka 1936

Jioni ya 4 Septemba 1936 aliondoka Abingdon, Uingereza, kuelekea New York kwa ndege ndogo ya Vega Gull yenye injini moja. Mtambo wa kuongoza ndege yenyewe ulikuwa umeshabuniwa. Mmarekani Wiley Post aliutumia kuzunguka dunia mwaka 1933. Markham hakuwa nao, wala redio. Alishika usukani mwenyewe usiku kucha, katika mvua na upepo wa mbisho.

Alipokaribia nchi kavu injini ilianza kukatika. Barafu ilikuwa imeziba njia ya hewa ya tangi la mwisho. Petroli ikitoka, sharti hewa iingie kujaza nafasi yake. Hewa ikizuiwa, petroli haifiki injini vya kutosha hata kama tangi bado linayo. Alifunga na kufungua vali tena na tena, injini ikawa inawaka na kuzimika. Baada ya saa 21 na zaidi alitua kwa dharura kwenye kinamasi huko Baleine, kisiwa cha Cape Breton, Kanada. Pua ya ndege ilizama matopeni, naye akaumia kichwani. New York hakufika, lakini bahari alikuwa ameivuka.

Miaka ya baadaye

Mwaka 1942 alitoa kitabu cha maisha yake, West with the Night, ambacho kilipata wasomaji wengi kilipochapwa upya mwaka 1983. Alirudi Kenya kufunza farasi, akafariki Nairobi akiwa na umri wa miaka 83.