Jenerali Mulamba, soda aliyelinda Bukavu na kuletwa Kisangani



Mara hii tunaeleza maisha ya soda mmoja ambaye wazee wa Bafwasende na Kisangani wanamkumbuka, lakini vijana wengi hata jina lake hawalijui: Léonard Mulamba, aliyeitwa baadaye Mulamba Nyunyi wa Kadima. Hakuzaliwa kwetu. Lakini mambo makubwa ya maisha yake yalipita huku mashariki. Ukitaka kuelewa sababu gani jina la Simba lingali linatajwa katika pori letu mpaka leo, inafaa ujue habari za masoda waliotumwa kupigana nao.

Mulamba alizaliwa mwaka wa 1928 kule Luluabourg, mji unaoitwa leo Kananga, katika Kasai. Alipokuwa kijana akaingia Force Publique, akasoma kwenye shule ya kijeshi ya Luluabourg, akamaliza mwaka wa 1954.

Hapa inafaa kueleza kidogo ile Force Publique ilikuwa nini. Katika nchi zingine serikali za kikoloni ziliweka polisi wa kupanda farasi ili kulinda mipaka ya mbali. Kwetu farasi hakai, mbung'o anamuua. Basi soda wa Kongo alitembea kwa miguu, bunduki begani, na kazi yake ilikuwa mbili kwa pamoja: alikuwa jeshi, na alikuwa polisi. Leo analinda mpaka, kesho anatumwa kijijini juu ya kodi, juu ya pamba, juu ya kazi ya barabara. Ndiyo maana wazee wetu, wakiona kofia ya soda tu, walikimbia. Ile woga ni ya zamani sana, haikuanza na vita za juzi.

Mwaka wa 1960 Force Publique ilikuwa na watu karibu 25.000. Maofisa wote walikuwa Wazungu. Mwafrika, hata akiwa na akili namna gani, alifika ngazi ya ajida na kusimama hapo. Uhuru ulipokuja tarehe 30 Juni, masoda walitumaini mambo yatabadilika, lakini Jenerali Janssens aliyewaongoza akawaonyesha kwamba kwa jeshi hakuna kitakachobadilika. Siku chache tu baadaye, tarehe 5 Julai, wakaasi kule Thysville. Lumumba akawatoa wakubwa Wazungu, akamweka Lundula kuwa mkubwa wa jeshi na Mobutu chini yake. Jeshi likabadili jina likawa Armée Nationale Congolaise, yaani ANC. Kwa siku chache watu waliokuwa wakipiga saluti wakawa wanapigiwa saluti. Mulamba alikuwa mmoja wa wale waliopanda, na ilipofika 1964 alikuwa kolonel.

Ule mwaka wa 1964 kila familia ya kwetu inaujua. Maasi yalianza mashariki. Uvira ikaanguka mwezi wa tano, Albertville mwezi wa sita, Kindu mwezi wa saba. Simba walikuja na dawa, wakiambiwa kwamba risasi itageuka maji. Masoda wa ANC wenyewe waliamini ile dawa, na mahali pengi walitupa bunduki na kukimbia kabla hata ya vita kuanza. Tarehe 5 Agosti Stanleyville, Kisangani yetu, ilikuwa mikononi mwa Simba.

Ikabaki Bukavu. Komanda wa pale alikuwa Kolonel Mulamba. Katikati ya ule mwezi wa nane Jenerali Olenga alipeleka watu wake kuushika mji. Walifika mpaka ndani, wakapigana barabara kwa barabara. Lakini Mulamba hakuondoka, na masoda wake walipoona mkubwa hakimbii, nao wakabaki. Watu wa Mwami Kabare wakasimama upande wake, na ndege za serikali zikasaidia. Baada ya siku chache Simba wakarudi nyuma, wakiacha wafu wengi. Ilikuwa mara ya kwanza mji mkubwa kuwashinda. Kwanza dawa ikaonekana inaweza kushindwa, na toka siku ile masoda wengine wakaanza kupata moyo. Jina la Mulamba likasikika Kongo yote.

Kisha likaja jambo ambalo kwetu ni zito zaidi. Tarehe 24 Novemba 1964 ndege za Amerika zilishusha paracommando wa Ubelgiji juu ya Stanleyville, kuokoa Wazungu waliofungwa na Simba. Siku ileile kundi la ANC na mamerseneri likaingia kwa barabara. Wabelgiji wakachukua watu wao, wakaenda. Sisi tukabaki. Mji ukapekuliwa nyumba kwa nyumba, watu wakashikwa juu ya kusingiziwa tu, wengi wakauawa bila kuhukumiwa. Kule porini nako Simba waliua mapadri, masista, wachungaji, na hasa Wakongomani: karani, mwalimu, mfanyabiashara, mutu yeyote aliyejua kusoma au aliyeitwa rafiki wa serikali. Wazungu waliokufa wana majina kwenye makaburi na vitabu. Wafu wetu wa pande zote mbili hakuna aliyewahesabu sawasawa.

Katika hali hiyo ndipo Mulamba alipewa kazi ya kuongoza jeshi la Stanleyville na kurudisha utaratibu. Hii ilikuwa kazi ngumu kuliko ile ya Bukavu. Bukavu adui alikuwa mbele. Huku adui na raia waliishi pori moja, walikula mihogo ya shamba moja. Pembeni ya Lindi, upande wa Opienge, njia ya Nia-Nia, watu elfu na elfu waliingia ndani ya pori: wengine walikuwa Simba kweli, wengine walikimbia Simba, wengine walikimbia ANC. Soda aliyemkuta mutu na ndevu ndefu na nguo zilizochanika hakujua ni nani, na wengi hawakuuliza. Watu walikaa porini miezi, wengine miaka, bila chumvi, bila sabuni, wakizika watoto njiani.

Mulamba alikuwa na sifa ya kuwa mkubwa anayependa nidhamu, asiyejitajirisha kwa cheo. Inafaa kusema hivyo. Lakini inafaa vilevile kusema kwamba masoda wa serikali aliyoitumikia walifanya mabaya mengi katika nchi yetu, na familia zingine za Tshopo haziwezi kusikia jina la ANC bila kulia. Mutu mmoja mwema juu hatoshi, kama wale elfu walio chini hawalipwi, hawafundishwi, na hawaadhibiwi wakiiba kuku au wakimuua mwenye kuku.

Tarehe 24 Novemba 1965 Mobutu akachukua utawala. Kesho yake akamtaja Mulamba kuwa Waziri wa Kwanza. Watu wengi walifurahi: walimjua ni shujaa wa Bukavu, na hakuwa na maneno mengi. Katika ule utawala miji ikabadilishwa majina, Stanleyville ikawa Kisangani, Léopoldville ikawa Kinshasa. Lakini katika utawala uleule, mwezi wa sita wa 1966, Kimba na wenzake watatu wakanyongwa mbele ya watu Kinshasa. Mulamba alikuwa Waziri wa Kwanza siku ile. Anayesimulia maisha yake hawezi kuruka hapo.

Mwezi uliofuata Kisangani ikamwita tena. Tarehe 23 Julai 1966 majandarme wa Katanga waliasi. Hao waliletwa na Tshombe kupigana na Simba. Tshombe alipoondolewa wakajiona wameachwa: mshahara unachelewa, wakubwa wa Kinshasa hawawapendi, nyumbani ni mbali. Wakamuua Kolonel Tshatshi, yule ambaye kambi ya Kinshasa ina jina lake, wakashika mji. Mulamba mwenyewe akapanda ndege, akaenda kuongea nao. Fikirini: Waziri wa Kwanza wa nchi anaketi na watu wenye bunduki ambao wametoka kumuua kolonel. Aliwasikiliza, akajaribu njia ya mazungumzo, na wiki kadhaa mji ukakaa bila vita kubwa.

Mobutu hakutaka mazungumzo marefu. Mwezi wa tisa wale waasi wakapigwa na mamerseneri wa Denard pamoja na ANC. Waliokimbilia porini kuelekea Katanga hawakufika wengi. Na tarehe 26 Oktoba 1966 Mulamba akaondolewa. Alilaumiwa kwamba alikuwa laini mbele ya waasi. Wengi wanaona sababu ilikuwa nyingine pia: soda anayependwa na watu ni hatari kwa soda aliye juu yake. Kazi ya Waziri wa Kwanza yenyewe ikafutwa, ikarudi tu mwaka wa 1977.

Mwaka uliofuata ukaonyesha ile nguvu ilizaa nini. Julai 1967 mamerseneri walewale, pamoja na Schramme, wakaasi nao, wakaichafua Kisangani, kisha Schramme akaenda kushika Bukavu kwa miezi mitatu hivi. Mji ambao Mulamba aliulinda ukaharibiwa na watu walioletwa ili kutulinda.

Yeye alikuwa mbali. Alitumwa kuwa balozi, India kwanza, kisha Japani, baadaye Brazili. Ndivyo Mobutu alivyozoea: ambaye hutaki kumfunga, unampa ndege na cheo cha mbali. Mulamba hakuasi, hakutengeneza chama, hakupigania kurudi. Akafa mwaka wa 1986, mwenye umri wa miaka kama 58.

Sababu gani tunamweleza huyu katika gazeti la watu waliorudi? Kwa sababu swali alilokutana nalo Kisangani ndilo letu. Anayetoka porini, unampokea namna gani? Makundi yanayojiita Mai-Mai Simba yamekaa katika pori la Bafwasende kwa miaka mingi, na ndani yao kuna vijana waliozaliwa miaka mingi baada ya 1964. Jina linapita toka baba mpaka mjukuu, kwa sababu wa kwanza walipotoka walipigwa, na wengine wakaona heri kubaki.

Ndugu, nguvu ilirudisha miji, lakini watu hawakurudi wote. Walirudi pale ambapo chifu, padri, mchungaji au mama wa jirani alisimama njiani na kusema huyu ninamjua. Kazi hiyo haingoji kolonel wala Waziri wa Kwanza. Ni yetu: kupokea, kuandika jina, kutoa jembe na mbegu, kumsindikiza aliyerudi mpaka kwa ofisi ya territoire asiende peke yake. Na kwa yule aliyeibiwa au kufiwa, tusimwambie anyamaze. Tumpe nafasi aseme, ili anayerudi ajue anarudi kwa watu ambao hawakusahau, lakini hawataki kuanza tena.