Maisha ya Hermann von Helmholtz, Bingwa wa Elimu ya Sauti

Mara nyingi katika gazeti letu tumesoma habari za wafalme, wamishonari na majemadari. Leo naomba ruhusa yenu niwasimulie maisha ya mtu ambaye hakutawala nchi wala hakuongoza vita, lakini kazi yake imo katika nyumba nyingi zenye spika. Mtu huyo ni Hermann von Helmholtz, Mjerumani aliyefariki mwaka 1894. Mimi nilimjua kwa sababu ya kosa langu mwenyewe, na kosa hilo nitalieleza kwanza.

Kwetu ni Kisugu, hapa Kampala. Katika likizo ya Desemba wadogo zangu walikuwa wakitoroka jioni kwenda kwenye kibanda cha sinema, mahali ambapo filamu za ng'ambo hufasiriwa kwa Kiganda na mtu asemaye huku picha zikipita. Mama alichukizwa sana, maana walirudi usiku. Nilipowauliza wanafuata nini huko na hali televisheni ipo nyumbani, walinijibu kwamba televisheni yetu haina ngurumo. Basi nikaazimia kuwatengenezea ngurumo.

Nilinunua plaiwudi huko Ndeeba, na katika soko la Kisekka nikapata spika ya inchi 8 iliyotolewa katika gari kuukuu. Fundi mmoja wa redio aliniazima amplifaya. Sebule yetu ni ndogo, hata hapakuwa na nafasi ya sanduku ila nyuma ya kochi. Kwa hiyo nililifanya jembamba: kwa ndani urefu wake sentimita 84, kimo sentimita 40, na upana sentimita 12 tu, yaani kama lita 40 za hewa. Mahali hapo si pabaya kama mtu anavyoweza kudhani. Sauti nene sana haimwonyeshi msikilizaji inakotoka, kwa kuwa wimbi lake ni refu kupita chumba chenyewe. Wimbi la sauti yenye mitikisiko 40 kwa sekunde lina urefu wa zaidi ya mita 8. Basi spika ya namna hiyo yaweza kufichwa, na ukuta ulio karibu huisaidia.

Nilikuwa nimeona kwamba masanduku ya dukani yana tundu lenye bomba. Mimi nami nikatoboa tundu ubavuni, nikachukua bomba la maji la sentimita 7 na nusu, nikakata kipande cha sentimita 5 kwa kukisia tu, nikakitia gundi. Siku ya kulijaribu jamaa wote walikaa tayari. Aibu iliyonipata siwezi kuisahau. Noti moja ilivuma kama lori linalopita dirishani, na noti za chini zaidi hazikusikika kabisa. Ngoma na kishindo cha bomu vilikuwa kitu kimoja. Jirani aliye upande wa pili wa ukuta alibisha hodi kutuambia mtoto wake ameamka, na wadogo zangu wakarudi zao kibandani.

Shule ilipofunguliwa nilimweleza mwalimu wetu wa fizikia. Hakunicheka. Alinipa chupa tupu ya soda akaniamuru nipulize juu ya mdomo wake, kisha akatia maji kidogo na kuniamuru nipulize tena. Sauti ilipanda. Ndipo akaniambia kwamba sanduku langu ni chupa, na kwamba mtu aliyeichunguza chupa hiyo ni Helmholtz. Nikaenda maktaba kumtafuta.

Hermann Helmholtz alizaliwa tarehe 31 Agosti 1821 katika mji wa Potsdam, karibu na Berlin, katika dola ya Prussia. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya sekondari, mtu mwenye elimu nyingi na mshahara mdogo. Hermann alikuwa mtoto dhaifu, mara nyingi alikuwa kitandani akichezea vipande vya mbao. Kwa kuvipanga vipande hivyo alizijua kanuni nyingi za jiometri kabla hajafundishwa darasani. Kukariri maneno kulimshinda, lakini jambo lenye sababu alilishika mara moja.

Alipokuwa kijana alitamani fizikia kuliko kitu kingine. Lakini siku zile fizikia haikumpa mtu chakula, na baba yake hakuwa na fedha ya kumsomesha. Palikuwa na njia moja tu. Serikali ilikuwa na chuo huko Berlin kilichofundisha udaktari bila ada, kwa sharti kwamba mwanafunzi akimaliza atalitumikia jeshi miaka minane. Baba alimshauri aifuate njia hiyo, na Hermann akakubali. Aliingia chuoni mwaka 1838, akiwa na umri wa miaka 17.

Mwaka 1841 alishikwa na homa kali akalazwa hospitali. Kwa kuwa alikuwa mwanafunzi wa serikali, alitibiwa bure, na posho yake ikaendelea kulimbikizwa. Alipopona akakuta fedha imekusanyika, naye akainunulia darubini ya kuchunguzia vitu vidogo. Haikuwa nzuri sana, lakini kwayo alichunguza mishipa ya fahamu ya wadudu na wanyama wadogo, na utafiti huo ukampatia shahada ya udaktari mwaka 1842.

Akapelekwa kambini Potsdam kuwa daktari wa askari. Mwingine angalisema kwamba fizikia imekwisha. Yeye alijitengenezea maabara ndogo humo humo kambini, akachunguza joto linalotokea katika misuli ya chura inapofanya kazi. Kutokana na swali hilo la kidaktari akafikia jambo kubwa la fizikia: kwamba nguvu haizaliwi kutoka pasipo kitu wala haipotei, ila hugeuka kutoka namna moja kuwa namna nyingine. Habari hiyo aliisoma mbele ya chama cha wanafizikia wa Berlin mwezi wa Julai 1847, kabla hajatimiza miaka 26. Mhariri wa jarida kubwa la fizikia aliikataa, hivyo akaitoa kama kijitabu. Leo kila mwanafunzi wa Kidato cha Tatu huijua.

Mwaka 1848 aliruhusiwa kuliacha jeshi kabla ya miaka yake kwisha, na mwaka uliofuata akawa profesa huko Königsberg. Mwalimu wake mkuu, Johannes Müller, alikuwa amefundisha kwamba mwendo wa habari katika mishipa ya fahamu hauwezi kupimwa kamwe. Mwaka 1850 Helmholtz akaupima katika mguu wa chura, akaona kwamba si wa haraka sana kama watu walivyodhani. Ni kama mita 30 kwa sekunde. Kisha mwaka 1851 akatangaza chombo cha kutazamia ndani ya jicho la mtu aliye hai. Kabla ya hapo madaktari walimtibu kipofu bila kuona kilichoharibika ndani. Vyombo vya namna hiyo vingali vikitumika katika hospitali zetu.

Mke wake wa kwanza, Olga, alifariki mwaka 1859, akamwachia watoto wadogo wawili. Mwaka 1861 alimwoa Anna von Mohl. Wakati huo alikuwa Heidelberg, na ndipo alipokamilisha kitabu chake kikubwa juu ya sauti na muziki, kilichotoka mwaka 1863. Yeye mwenyewe alikuwa mpiga piano. Alitaka kujua kwa nini noti ile ile ikipigwa kwa filimbi na kwa zeze husikika tofauti. Akatumia vibuyu vya kioo na vya shaba, kila kimoja na tundu lake dogo la kutia sikioni. Kila kibuyu kiliitikia noti moja tu na kunyamaza kwa nyingine zote. Kwa vibuyu hivyo aliichambua sauti kama mtu apetaye mchele, akaonyesha kwamba noti moja ni mkusanyiko wa sauti nyingi.

Siri ya kibuyu ni hii. Hewa iliyo shingoni ni kama uzito, na hewa iliyo tumboni ni kama springi. Uzito ukisukumwa, springi huurudisha, nao hucheza kwa mwendo wake maalum. Tumbo likiwa kubwa, sauti huwa nene. Shingo ikirefuka, sauti huwa nene zaidi. Mwaka 1932 Albert Thuras, mhandisi wa Marekani, alipata hataza ya sanduku la spika lenye bomba linalofuata kanuni hiyo.

Hata kosa juu ya kazi yake lilizaa matunda. Alexander Graham Bell, ambaye hakujua Kijerumani vizuri, alidhani kwamba Helmholtz amepeleka sauti za irabu kwa waya. Hakuwa amefanya hivyo. Lakini Bell aliendelea na wazo hilo mpaka akapata simu mwaka 1876.

Mwaka 1871 Helmholtz aliitwa Berlin kuwa profesa wa fizikia. Hivyo ile kazi aliyoikosa akiwa na miaka 17 aliipata akiwa karibu na miaka 50. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Heinrich Hertz, aliyegundua mawimbi ya redio. Hertz alifariki tarehe 1 Januari 1894, na mwalimu wake akafuata tarehe 8 Septemba mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 73.

Sasa nirudi Kisugu. Kwa hesabu ya Helmholtz niliona kwamba bomba langu la sentimita 5 liliitikia mitikisiko kama 56 kwa sekunde. Nilipotaka 40 hesabu ikanipa sentimita 15. Katika likizo iliyofuata nikalitoa na kutia jipya. Gitaa la besi likaachana na ngoma, kila moja likasikika mahali pake. Saa tatu usiku tunapunguza kwa ajili ya mtoto wa jirani, na wadogo zangu wanakaa nyumbani.

Lakini liko jambo jingine, nalo ndilo lililonifanya niandike. Mimi nataka kusoma fizikia. Mjomba, ambaye amenilipia ada tangu baba afariki, alisema ataendelea kunisaidia ikiwa tu nitasomea kazi ya maabara ya hospitali, yenye ajira. Nilikasirika. Kwa muda wa mwezi mzima sikwenda kumsalimu, naye hakuniuliza neno. Niliposoma habari za yule daktari wa kambini na chura wake, niliona haya. Baba yake hakuwa adui wa fizikia. Alikuwa mtu asiye na fedha aliyempa mwanawe mlango uliokuwa wazi. Jumapili moja nilikwenda kwa Mjomba nikamwomba radhi, na fomu nimeijaza kama alivyotaka.

Sijui kama nitafika Berlin yangu. Najua kwamba katika maabara ya hospitali kuna darubini, nami nitaitazama vizuri.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita