Wallace Sabine, Bingwa wa Kupima Mvumo

Ukipiga makofi ndani ya chumba kikubwa kisicho na kitu, sauti haifi mara moja. Hugonga kuta na dari, ikarudi, ikagonga tena, mpaka ikaisha polepole. Huo ndio mvumo. Aliyeupatia kanuni ya hesabu alikuwa mwalimu Mmarekani, Wallace Clement Sabine.

Bwana Sabine alizaliwa tarehe 13 Juni, 1868, katika mji mdogo wa Richwood, jimbo la Ohio. Alimaliza masomo ya Chuo Kikuu cha Ohio State mwaka 1886, akiwa na miaka 18 tu. Kisha alikwenda Harvard, ambako alisoma na kufundisha fizikia.

Mwaka 1895 Harvard ilifungua jumba la sanaa lililoitwa Fogg. Chumba chake cha kufundishia kilipendeza macho, lakini wasikilizaji hawakuelewa maneno. Sauti ilivuma kwa muda wa sekunde 5 na nusu hivi, na maneno mapya yakatamkwa kabla ya yale ya kwanza kufa. Sabine akaombwa atafute dawa.

Kwa kuwa mchana ulikuwa na kelele, alifanya kazi usiku wa manane. Yeye na wasaidizi wake walibeba mito ya viti kutoka ukumbi wa Sanders, wakaipanga chumbani, wakapuliza bomba la kinanda, wakapima muda mpaka sauti ilipokwisha. Kabla ya asubuhi mito ilirudishwa mahali pake. Kila mito ilipoongezwa, mvumo ulipungua, hata ukawa sekunde 1 na kidogo.

Siku moja aligundua kwamba hata nguo alizovaa zilimeza sauti na kubadili vipimo. Basi akatupa kazi ya miezi mizima, akaanza upya, na tangu hapo akavaa nguo zile zile kila alipopima.

Mwaka 1898 kanuni ikapatikana: chumba kikiwa kikubwa mvumo hurefuka, vitu vinavyomeza sauti vikizidi, hufupika. Kwa kanuni hiyo alishauri ujenzi wa Symphony Hall mjini Boston, uliofunguliwa tarehe 15 Oktoba, 1900. Mpaka leo ukumbi huo huhesabiwa miongoni mwa kumbi bora za muziki duniani. Sabine alifariki tarehe 10 Januari, 1919, akiwa na miaka 50.

Kazi yake haikufa. Siku hizi muziki wa dansi hutengenezwa kwa kompyuta, na mvumo hutiwa kwa mashine, kwa kuchagua sekunde zile zile alizozipima. Ngoma ikipigwa mara 120 kwa dakika, pigo hufuata pigo kwa nusu sekunde. Mvumo wa ngoma ukidumu sekunde 3, mapigo 6 hupandana, na wachezaji hupotewa na mwendo. Kwa hiyo fundi mwema huiacha ngoma nzito iwe kavu, akaipa sauti ya mwimbaji mvumo wa kiasi. Mvumo ni kama chumvi: ukikosekana muziki hupooza, ukizidi huharibika.

Wanafunzi wenzangu, tumwige Bwana Sabine. Alipoona kipimo chake kina kasoro hakukificha, bali alikitupa akapima tena. Ndiyo maana twaitegemea kazi yake hata leo.